Mbona Hakuna Ndovu?

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha tsawe, na kuku alikuwa amelifanya keja. Mayai matano juu, jicho kali, hataki mchezo. Mimi nilikuwa nimetumwa jembe tu. Lakini manze, nyumba ya mzee haikosi sanduku, na sanduku la mzee halikosi mambo yake. Nikamsukuma yule kuku mos mos na ufagio, akanidonoa mara mbili, nikavuta. Jembe likasahaulika mpaka jioni.

Tsawe ni babu, kwa Kidigo. Wawe ni bibi. Nawachanua mapema wasee wa Nai msije mkapotea njiani, maana hii Sheng yenu ikishavuka feri ya Likoni inaloa chumvi. Huku Munje tunaichapa na Kiswahili cha wavuvi, na Kidigo cha nyumbani, na Kijerumani cha mabichiboi. Utazoea.

Nilidhani ndani kuna hati za shamba. Kumbe ni magazini za tene, zimepangwa kama matofali, migongo imeliwa na mende waliokuwa wanafuata gundi. Stern za Ujerumani. Burda, zile za mishono. Drum tatu, toleo la Afrika Mashariki. Taifa Leo zimekauka mpaka ukizishika zinavunjika kama biskuti. Joe moja, lile jarida la vichekesho ambalo Hilary Ng'weno na Terry Hirst walilianzisha Nai mwaka 1973. Na chini kabisa vitabu vyembamba vya safari, vya Neckermann, ile kampuni ya Ujerumani iliyoanza kuwamwaga walami Mombasa kwa ndege za kukodi tangu miaka ya 60.

Tsawe alikuwa weita Diani miaka 19. Hoteli yake siitaji, na wao hawakumtaja yeye siku walipofunga geti. Ilikuwa baada ya vurugu za Likoni za Agosti 1997, wageni walipohepa na hoteli kadhaa za Diani zikazima taa. Leo pale kuna mbega wengi kuliko vitanda. Enzi zake, kila mgeni akiondoka aliacha vitu chumbani: krimu ya jua nusu chupa, champali, magazini. Mabeshte zake waligombania krimu. Yeye akabeba magazini. Nikamuuliza mbona, na Kijerumani chenyewe anakibonga lakini hakisomi. Akasema karatasi zilinukia vizuri.

Sasa cheki hii. Nimekaa kwa sakafu, kuku amerudi analalamika nyuma yangu, nafungua kitabu kimoja cha safari. Ukurasa wa katikati ni Diani. Mchanga mweupe ile mbaya, mnazi umeinama kama unachungulia simu ya mtu, mlami wa bikini nyekundu amejilaza kwa kiti. Picha noma. Halafu nikacheki pembeni, kushoto kabisa, kuna mkono. Mkono mweusi, nguo nyeupe, umebeba trei yenye dafu. Kutoka kwa kiwiko kurudi nyuma hakuna mtu. Aliyepiga hiyo picha, ama aliyeikata, aliona dafu linatosha.

Nikamtokea tsawe uani, anashona jarife.

"Tsawe, huu mkono ni wa nani?"

Akaushika mbali, akausogeza karibu, akauweka mbali tena.

"Wangu," akasema. Halafu akafikiria. "Ama wa mwenzangu. Sare ilikuwa moja."

Akarudi kwa jarife lake kama nimemuuliza saa.

Mimi hiyo usiku sikulala fiti. Usinielewe vibaya, sikuwa na hasira ya kuandamana. Ilikuwa tu inanikuna. Bahari yetu iko kwa picha, minazi yetu iko, mpaka dafu letu liko, na sisi tumebaki kiwiko. Asubuhi nikachukua mkasi wa shangazi, ambaye ni fundi wa cherehani, nikaanza kumtafutia tsawe mwili.

Hapo kwa mkasi nisimame kidogo, kwa sababu picha ilinichomekea vibaya. Mkasi wa fundi haukati karatasi. Karatasi inaua makali. Ukirudi kwa kitambaa, kitambaa kinatafunwa badala ya kukatwa. Shangazi alijua nilichofanya kabla sijafungua mdomo, kwa kukata shingo ya dera moja tu. Maneno aliyoniambia siwezi kuyaandika, na mimi ni msee niliyekulia ufuoni, nimesikia matusi ya wavuvi wakikatikiwa na nanga. Siku hizi nina mikasi yangu miwili: mdogo wa kukatia kucha wa kuzungukia nyuso, na mrefu wa kurarua bahari na mbingu. Mpaka na wembe, ule wa kinyozi, nimeufunga na mpira wa baiskeli nisijikate.

Basi nikamjenga tsawe kuanzia mkono kurudi nyuma. Kanzu yake nikaitoa kwa Burda. Mle ndani kuna shiti kubwa za ruwaza, mistari ya magauni kumi imepandana ukurasa mmoja, myekundu, myeusi, ya nukta, ya deshi, unadhani ni ramani ya Ukunda siku ya soko. Ukiikata umbo la kanzu inakubali kabisa, ni kama kanzu yenye njia zote ambazo amewahi kutembea. Uso ndio ulinisumbua. Stern nzima hakuna mzee mweusi, ama kwa zile nilizokuwa nazo mimi hakukuwa. Nikaingia kwa Drum: paji la uso la msee wa siasa, macho ya bondia, mdomo wa mwimbaji, shavu moja la baba wa tangazo la sabuni. Nikayahamisha hamisha siku mbili bila gundi, mlango umefungwa upepo usinivurugie. Siku ya tatu nikacheki, na maze, ni yeye. Hakuna kipande hata kimoja ni chake ila mkono, na huo pia hatuna uhakika nao, lakini ni yeye.

Nikampelekea. Aliikodolea macho dakika nzima.

"Na kofia yangu?"

Weita wa Diani enzi hizo walivaa tarbushi nyekundu yenye shada. Nikapekua sanduku lote kusaka ule wekundu, hakuna. Wekundu wa bikini ulikuwa unang'aa sana, wekundu wa Drum umefifia ukawa kahawia. Nikashuka ufuoni. Kusi lilikuwa limeingia, na kusi likiingia Munje halileti upepo peke yake, linatapika: mwani mpaka magotini, vifuniko vya chupa, kamba za samawati, na champali. Champali za mguu mmoja. Sijawahi kuokota jozi, sijui zile za pili zinaendaga wapi. Nikapata moja nyekundu, ya kushoto, jua limeila mpaka ikawa rangi ya tofali. Rangi yenyewe. Nikachonga tarbushi na kisu cha samaki.

Ndio nikajua hii kitu imenishika.

Wafaransa wanaiita kolaji, kutoka kwa neno lao la kubandika na gundi. Ukisoma vitabu vya sanaa utaambiwa Picasso na Braque ndio waliianza Ufaransa, mwaka 1912, walipoanza kubandika vipande vya magazeti na karatasi za ukuta kwa michoro yao. Sisi kwa Sheng neno tunalo tayari. Msee akielewa mambo yote yanavyoungana tunamuuliza, "Umeshikanisha?" Hiyo ndiyo kolaji. Nilimwambia wawe kuhusu hao Picasso na Braque, yuko kwa mkeka wake anasuka ukili, akacheka mpaka akakohoa.

Akaniambia nilete leso yake ya zamani. Akaitandika, akanionyesha pindo, mji, na jina. Halafu akanipa stori ambayo mabibi wa Pwani wote wanayo, na wanahistoria wengi wanaisimulia: zamani, karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wanabuya vitambaa vya mkononi vya Wareno, lenço kwa Kireno, vikiwa bado havijakatwa, vimeungana kwa jora. Vitatu vikikaa pamoja, wanakata. Vitatu tena, wanakata. Wanashona urefu huu na ule, vinakuwa sita, nguo moja kubwa yenye michoro ambayo duka lolote halina. Kila mama na mchanganyiko wake. Wenye maduka wakacheki ganji inavyoenda, wakaanza kuagiza nguo nzima imeshapigwa chapa hivyo hivyo. Ndio hizi unazoziona Mtaa wa Biashara Mombasa, za Mali ya Abdulla na wenzake. Yaani khanga ilianza kama vipande, ikabamba mpaka kiwanda kikaiga.

"Na huu je?" akaniuliza, akanitupia ukili usoni. Utepe mrefu wa majani ya miyaa, upana wa viganja viwili hivi. Mkeka mzima ni huo utepe umeshonwa kando kwa kando. Sikuwa na jibu. Nimelalia kolaji tangu nizaliwe na sikuwa nimeshikanisha.

Sasa nikupe jina moja ambalo kila mtu anayekata karatasi Kenya lazima alijue: Wangechi Mutu. Amezaliwa Nai mwaka 1972, amesoma Loreto Msongari, akaenda mbele, akamaliza Yale mwaka 2000. Ana mfululizo wa kazi 12 uliojengwa juu ya michoro ya kidaktari ya kitambo, ya magonjwa ya tumbo la uzazi. Juu ya ile michoro akabandika vipande kutoka magazini: midomo ya fasheni, macho, miguu, manyoya, mpaka nyuso za wanawake zikachomoza kutoka kwa ugonjwa, zinakukodolea. Mara ya kwanza niliziona kwa simu, saa nane usiku, nikaizima simu. Siku ya pili nikazirudia. Mwanamke wa magazini amekatwa na wengine mara ngapi, kwenye kiuno, kwenye ngozi? Yeye akaukamata mkasi akamkata upya, kwa masharti yake. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York lilimpa nafasi nne za sanamu mbele ya jengo, zilizokuwa tupu tangu 1902. Akawaweka pale malkia wanne wa shaba. Miaka 117 hapakuwa na mtu pale. Sijui kama jamaa wa Metropolitan nao walikuwa wanaona dafu linatosha.

Yuko pia Cyrus Kabiru, wa 1984, Nai vilevile, anayetengeneza miwani kwa vijiko, nyaya na mabati ya kuokota. Stori yake ni kwamba alipokuwa mtoto alitaka miwani, mzae wake akamwambia akitaka ajitengenezee. Wazee wa Kenya ni wamoja.

Kuna kitu kiliniuma kwa zile Drum. Matangazo ya Ambi, ile krimu ya kung'arisha ngozi iliyotamba Afrika nzima miaka ya 60 na 70. Manzi mrembo, anacheka, anakuahidi ukijipaka mambo yatakunyookea. Huyo nilimkata bila huruma: uso nikautoa wote, nikabakisha afro yake na hereni. Pale kwa uso nikaingiza ukili wa wawe, kipande kidogo, suka kwa suka, rangi yake ya mchanga na kahawia. Wawe aliipenda hiyo kuliko zote. Alisema amefanana na dadake aliyeolewa Vanga.

Joe sikuikata. Wacha niseme hapa, kwa sababu nimeona wasee mtandaoni wakikatakata vitu vya maana ili wapate pembe moja nyekundu. Kama hujui ziko ngapi zimebaki, usiweke mkasi. Nilipanda nduthi mpaka Msambweni, nikaingia saiba, nikapiga fotokopi kurasa nne, nikarudi kukata fotokopi. Ile Joe yenyewe iko kwa nailoni, kwa sanduku, chini ya kuku. Magazini za fasheni za miaka ya juzi kata tu. Na Shujaaz kata ukiwa nazo mbili mbili. Unaikumbuka Shujaaz? Ilianza 2010, komiki ya bure, Sheng mwanzo mwisho, tulikuwa tunaipata kwa kibanda cha M-Pesa na ndani ya gazeti la Nation. DJ Boyie, yule wa humo ndani, ndiye alinifundisha kusoma kwa raha. Nilizikuta zangu juzi, kurasa zimeanza unjano pembeni. Shujaaz nayo imekuwa ya tene, manze. Tunazeeka.

Basi nikuonyeshe gundi, maana hapo ndipo wengi wanaingia ngori.

Gundi ya dukani, ile nyeupe ya mafundi seremala, ni safi lakini inataka ganji kila wiki. Mimi natumia uji wa muhogo. Kwale muhogo hauishi. Unga vijiko viwili, maji baridi kwanza ukoroge pasiwe na madonge, halafu maji ya moto mos mos kwa jiko la makaa, unakoroga bila kuacha mpaka weupe ukate, uji uwe wa kuangaza kama konokono amepita. Uache upoe. Ukipaka, paka mwembamba, nyuma ya kipande na pia pale kinapokaa, halafu sukuma hewa kutoka katikati kwenda nje na upande wa ngumi. Si kidole. Kidole kinapakaza wino.

Ukiacha ile ya tsawe na ile ya manzi wa ukili, kazi zangu saba za kwanza zilikufa zote. Nilizitundika ukutani Machi, masika yakaanza, na mwezi wa tano nikaamka nikaona ukungu wa kijani umeota kwa shingo ya mlami wa bikini. Mende nao waligundua kwamba nimewapikia. Walikula kutoka nyuma, kwa utaratibu, mpaka nyuso zikabaki zimening'inia kama maganda. Wawe alitazama tu. Akaenda jikoni, akarudi na karafuu, akaziponda, akazichemsha akachuja, akaniambia niyaweke hayo maji kwa uji. Karafuu inazuia uji usivunde na usiote ukungu haraka. Mende bado wanakujaga, lakini wanaondoka na stress zao. Chumba changu sasa kinanuka kama pilau ya harusi, na mabeshte wakija wanauliza chakula kiko wapi.

Jambo la pili ni kurasa zilizogandana. Karatasi ya magazini inayong'aa imepakwa udongo mweupe mwembamba sana, ndio maana Burda ni nzito mkononi kuliko gazeti la kawaida. Ikilowa, ule mpako unageuka gundi. Magazini iliyonyeshewa ikakauka imefungwa inakuwa tofali, ukivuta kurasa kwa nguvu unabaki na nusu uso huku na nusu uso kule. Nilipoteza Stern nzima hivyo kabla sijaacha kuvuta. Na halafu, siku moja, nikaangalia zile nusu. Mlami mmoja alikuwa amebakiwa na maandishi ya ukurasa wa pili yamemshika shavuni, kinyumenyume, kama tatuu. Kali kuliko chochote ningekikata mwenyewe. Sasa zile zilizogandana nazirarua makusudi, polepole, dirisha wazi, nikiona kitatokea nini.

Kwa ubao wa nyuma nishajaribu kila kitu: katoni za mafuta ya kupikia, gunia la unga, mbao za mashua iliyooza pale wanapopaki Wapemba. Mbao za mashua ni tamu. Rangi imepandana, samawati juu ya kijani juu ya nyeupe, kila mwenye mashua na rangi yake, na misumari imeacha machozi ya kutu. Wakati mwingine sibandiki kitu. Nasafisha tu, natazama.

Makombe siokoti. Wale kaa wanaoishi ndani ya makombe wanayahitaji, na msee hawezi kumnyang'anya mwingine keja akaiita sanaa. Taka naokota zote. Ukitaka kujua dunia ni ndogo, soma chupa za ufuoni: kuna zenye maandishi ya Kiindonesia, zimevuka bahari nzima ya Hindi zimekuja kulala Kenya, bila pasi. Na champali, nishasema. Lamu waliamua kuzifanyia jambo: Septemba 2018 wakashusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa kwa tani 10 za plastiki na kuvishwa champali kama 30,000, fundi wake Ali Skanda, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Mimi nina tarbushi moja. Kila mtu na uwezo wake.

Nauza Diani. Jumamosi napanda mat kutoka Msambweni mpaka Ukunda, kazi zimefungwa kwa leso kuukuu, halafu nduthi mpaka karibu na bichi. Soko lenyewe lina sheria zake. Wachongaji wana twiga, wauza michoro wana Mmaasai anayeruka na jua linalozama, na mimi nina watu waliounganishwa wakitazama mbele. Mwezi wa kwanza niliuza sufuri. Wengi walisimama, wakapenda, wakauliza nimetengeneza na nini, wakapiga picha, wakaenda. Na kila mmoja, walami na mababi wa Nai waliokuja likizo, aliuliza swali moja: mbona hakuna ndovu?

Nilijaribu kuwaelewa. Wametoka mbali, wanataka ndovu, na Kwale kweli tuna ndovu. Wako Shimba Hills hapo juu, na wako Mwaluganje, ile hifadhi ambayo wenyeji walitenga mashamba yao wenyewe mwaka 1995 ndovu wapate pa kupita, wageni wakilipa getini wenye mashamba wapate chao. Lakini mimi nimekulia ufuoni. Ndovu nimemuona mara mbili maishani, na mara moja alikuwa kwa noti. Nimbandike kwa picha ya wawe anafanya nini? Mchongaji mmoja, mtu wa makamo, aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, weka ndovu ule." Na alikuwa sahihi, kwa upande wa kula.

Ni binamu yangu wa Kwale mjini aliyenitoa. Alikuja na karatasi nene za rangi ya majani makavu, zina nyuzi unaziona kwa macho, kingo hazijanyooka. Nikashika tu nikajua ni ubao mpya. Uji unakaa, kipande hakijikunji, na zile nyuzi zinapita chini ya picha kama mishipa. Nikamuuliza ametoa wapi. Akacheka vibaya, akasema Mwaluganje, halafu akasema ni mavi.

Ndio. Ndovu anakula kilo zaidi ya 100 za majani na magome kwa siku, na karibu nusu inapita vile ilivyoingia. Hayo mavi unayakusanya yakiwa yamekauka, unayaosha mpaka maji yatoke safi, unachemsha sana, unaponda, unachanganya na karatasi kuukuu zilizoloweshwa, unatandaza kwa wavu wa fremu, unaanika. Tumbo la ndovu limeshafanya nusu ya jobo. Haina harufu, ama ukitaka kuwa mkweli, ina harufu ya shamba baada ya mvua, mbali sana.

Nikatengeneza kumi juu ya hizo. Ile ya manzi wa ukili nikaihamishia, na ile ya tsawe pia, mkono na tarbushi na yote, lakini hiyo haiuzwi, iko ukutani kwake juu ya kitanda, na kuku naye yuko chini yake vilevile.

Jumamosi moja tsawe akasema tunaenda wote, anataka kuona Diani imekuwaje. Akavaa kanzu. Akakaa kwa ndoo iliyogeuzwa, fimbo kati ya magoti, anatazama bahari. Akaja mama mmoja Mjerumani, mtu mzima, kofia ya majani, akasimama kwa ile ya manzi wa ukili. Aliitazama muda mrefu. Akauliza bei, nikamwambia ngiri tatu. Akaishika, akaigeuza, akairudisha, na nikamuona kabisa swali linakuja.

"Ni nzuri sana," akasema kwa Kiingereza. "Lakini mbona hakuna ndovu?"

Nikamwambia yuko. Akatazama tena mbele, akatazama pembeni. Nikamwambia ageuze, asikilizie karatasi na vidole, halafu anuse. Akanusa. Nikamwambia umemshika.

Hakuelewa. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza changu cha Munje, majani, tumbo, kuosha, kuchemsha, nikawa nimekwama kwa lile neno lenyewe kwa sababu sikutaka kumkosea adabu mtu wa makamo. Tsawe, bila kugeuza shingo kutoka baharini, akalisema kwa Kijerumani. Neno moja tu. Yule mama alikaa chini kwa mchanga kwa kicheko, kofia ikamtoka, ukaenda nayo upepo, nikaikimbilia.

Niliporudi tsawe alikuwa ameshashika zile ngiri tatu, anazihesabu, ein, zwei, drei, na wameshaanza kubonga juu ya hoteli.